Kutengeneza Modeli ya Upepo wa Juu ya Bahari kwenye Pwani ya Aktiki: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Bahari ya Beaufort

Pwani ya kaskazini ya Alaska, kuanzia Utqiaġvik (mji uliokuwa ukiitwa Barrow) hadi Kisiwa cha Barter kilipo kijiji cha Kaktovik, ina urefu wa karibu kilomita 500 na vituo vya upepo vya kuhesabika kwa vidole. Kusini yake kuna tundra (nchi ya baridi isiyo na miti) tambarare iliyojaa maziwa, halafu safu ya milima ya Brooks yenye kilele cha Isto, mita 2,736. Kaskazini ni Bahari ya Beaufort, iliyofunikwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka. Wawindaji wa Kiinupiat wanaofuata nyangumi kwa mashua ndogo, wahandisi wa visima vya mafuta vya Prudhoe Bay wanaopanga namna ya kudhibiti mafuta yakimwagika, na wanaokokotoa mawimbi yanayomega ufuko, wote wanahitaji kitu kimoja: upepo wa mita 10 juu ya maji, kila saa, kila kilomita chache. Vituo peke yake haviwezi kuwapa. Modeli inaweza, ikitengenezwa kwa makini.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: pwani hii upepo wa mita 10 unaamuliwa na kilicho chini yake na kilicho kando yake, yaani barafu, maji, theluji na milima. Wengi hutumia wiki nzima wakilinganisha mbinu za fizikia huku ramani yao ya barafu ikiwa na makosa ambayo hakuna mbinu itakayoyafuta. Shughulikia uso kwanza. Ndiyo maana hatua ya 6 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Mwongozo unatumia WRF toleo la 4 na kuendelea, programu ya bure ya kukokotoa hali ya hewa inayotumika duniani kote. Kuna pia Polar WRF, marekebisho ya maeneo ya ncha za dunia yanayotunzwa na Kituo cha Byrd cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Ukiweza kuyapata, yatumie, kwa sababu yanashughulikia barafu na theluji kwa uangalifu zaidi. Hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kabla ya kugusa kompyuta

Andika kwenye karatasi: upepo wa kimo gani, wa kila muda gani, wa miezi ipi, na utatumiwa na nani. Anayekokotoa mawimbi anajali upepo mkali wa Agosti hadi Oktoba, wakati maji yako wazi. Anayefuatilia mwendo wa barafu anajali Desemba hadi Aprili. Modeli moja haitakuwa bora kwa wote wawili, na chaguo zako za baadaye zitategemea jibu hili.

Kubaliana pia kuhusu mwelekeo. Katika taaluma hii upepo hutajwa kwa upande unakotoka, kama vile sisi tunavyosema kusi kwa upepo utokao kusini. Barafu na mikondo ya bahari hutajwa kwa upande inakoelekea. Mafaili mengi yamevurugwa na mtu mmoja kuchanganya kawaida hizi mbili, na kosa la nyuzi 180 kwenye mafuta yaliyomwagika maana yake ni kupeleka vizuizi upande usiofaa.

Hatua ya 2: Chora eneo

Tumia maeneo mawili: la nje lenye seli za kilomita 9 na la ndani lenye seli za kilomita 3. Data za kuanzia zitatoka kwenye ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa na modeli ya Ulaya, yenye seli za ukubwa halisi wa kilomita 31, kwa hiyo kuruka hadi 9 kunakubalika. Usidanganywe na kitu kimoja: ERA5 hupakuliwa kwenye gridi ya digrii 0.25, na kwenye latitudo 71 digrii 0.25 ya longitudo ni kilomita 9 tu. Faili linaonekana lina maelezo ya kilomita 9, lakini modeli iliyolizalisha haikuona kitu chochote kidogo kuliko kilomita 31.

Mpangilio unaofaa katika namelist.wps, faili la mipangilio la WPS (programu za kuandaa data za WRF):

map_proj = 'polar', truelat1 = 71, stand_lon = -150
ref_lat = 71, ref_lon = -150, dx = dy = 9000
e_we = 200, 301
e_sn = 160, 253
parent_grid_ratio = 1, 3
i_parent_start = 1, 50
j_parent_start = 1, 26

Namba hizi zina sababu. Toa 1 kwenye 301 na 253, unapata 300 na 252, zote zinagawanyika kwa 3. Zisipogawanyika programu itakataa. Eneo la nje linaishia kusini karibu na latitudo 64.5, kwenye bonde la mto Tanana. Ukilishusha hadi 63 utauweka mpaka juu ya safu ya Alaska, kwenye Denali yenye mita 6,190, na mawimbi bandia yatazaliwa hapo hapo na kusafiri ndani. Eneo la ndani linaanzia karibu na latitudo 66.6, kusini ya milima ya Brooks, kusudi upana wote wa safu, kusini hadi kaskazini, uwe ndani. Ukikata safu hiyo katikati, hewa baridi inayolundikana kwenye miteremko yake haitaundwa vizuri, na huo ndio upepo wa Kaktovik wakati wa baridi.

Kwenye kingo za eneo la ndani tupa seli 10 hadi 15 kila upande unapochambua matokeo.

Hatua ya 3: Ngazi za wima

Wakati wa baridi tabaka la hewa linaloguswa na ardhi linaweza kuwa jembamba chini ya mita 100. Ngazi za kawaida za WRF ni chache mno hapo. Weka ngazi 61, juu kabisa iwe hektopaskali 50, na angalau ngazi 10 ziwe ndani ya mita 500 za chini.

Ngazi ya kwanza ipange mwenyewe. Chukua eta 0.9975 (eta ni kipimo cha kimo ndani ya modeli: 1 usoni, 0 juu kabisa). Mgandamizo wa usoni ukiwa hektopaskali 1015, tofauti ya kutoka chini hadi juu ni 965. Zidisha kwa 0.0025 unapata 2.4. Katika hewa ya kelvini 250, yaani nyuzi 23 chini ya sifuri, hektopaskali 2.4 ni sawa na mita 17 hivi. Katikati ya tabaka hilo ni kama mita 9. Kwa hiyo upepo wa mita 10 unaoripotiwa unakaribia kuwa upepo ambao modeli imeukokotoa kwa kweli, si uliokisiwa kutoka mita 30 kwa fomula ya hewa tulivu. Usishuke sana chini ya hapo, kwani kanuni za msuguano zinahitaji ngazi ya kwanza iwe juu kuliko vinyanyuko vya uso wenyewe.

Hatua ya 4: Milima, ukingo wa pwani na maziwa

Endesha geogrid.exe, programu ya WPS inayochora ardhi, kwa data za urefu za GMTED2010 za sekunde 30 na ramani ya ardhi ya MODIS yenye maziwa. Kisha fungua faili la geo_em.d02.nc na ulitazame kwa macho. Usiruke hili.

Tazama vitu vitatu. Kwanza, kilele cha juu kabisa cha Brooks ndani ya modeli. Kitakuwa chini ya mita 2,736 kwa sababu wastani wa seli hulainisha, lakini kikiwa chini ya mita 2,000 kulainisha kumezidi. Pili, visiwa vya mchanga vilivyojipanga mbele ya Prudhoe Bay. Kwenye kilomita 3 vingi vitatoweka, na maji yaliyozibwa nyuma yake yatakuwa bahari wazi. Kubali, ila usikubali kisiwa kimoja kigeuke kuwa seli nzima ya tundra katikati ya maji. Kibadilishe kuwa maji kwa mkono. Tatu, maziwa. Ziwa Teshekpuk ni kubwa vya kutosha kuonekana, na usipoiambia programu kuwa ni ziwa, litapewa joto la bahari iliyo karibu. Endesha avg_tsfc.exe ili maziwa yapate wastani wa joto la hewa badala yake. Katikati ya majira ya baridi maziwa haya yameganda; ziwa la nyuzi 2 katikati ya theluji ya nyuzi 30 chini ya sifuri litachemsha hewa na kuvuruga upepo kilomita nyingi.

Hatua ya 5: Data za kuanzia

Pakua ERA5 kutoka hifadhi ya Copernicus: ngazi 37 za mgandamizo (joto, unyevu, upepo, jiopotenshali), na za usoni (joto na umande wa mita 2, upepo wa mita 10, mgandamizo wa usoni na wa usawa wa bahari, joto la ngozi yaani la uso wenyewe, joto la bahari, barafu, theluji, na tabaka 4 za udongo). Kila saa 3 zinatosha; weka interval_seconds = 10800. Kwa ungrib, programu ya WPS inayofungua data hizo, tumia jedwali la Vtable.ERA-interim.pl.

Kagua theluji. ERA5 huitoa kwa mita za maji, WRF huitaka kwa kilo kwa mita ya mraba: 0.1 lazima iwe 100. Na kagua tena mwezi Juni, kwa kuilinganisha na picha za setilaiti. Modeli ikiendelea kuiweka theluji kwenye tundra iliyokwisha kuwa kahawia, nchi kavu haitapata joto, na upepo wa baharini wa kiangazi hautazaliwa kabisa.

Hatua ya 6: Barafu

Hapa ndipo kazi ilipo.

Barafu ya ERA5 hutoka kwenye vipimo vya setilaiti vya ukubwa mpana, na modeli yake huichukulia kuwa na unene wa mita 1.5 kila mahali, bila theluji juu. Theluji ni blanketi. Blanketi likikosekana, joto la bahari hupanda kirahisi, na uso wa barafu unakuwa na joto kupita kiasi majira ya baridi. Uso wa joto hulegeza utulivu wa hewa, upepo wa juu unashuka, na upepo wa mita 10 unakuwa mkali kuliko ulivyo. Kwa hiyo usichukue joto la uso wa barafu la ERA5 kama ukweli. Iache modeli ikokotoe la kwake baada ya kuipa barafu na theluji sahihi.

Badilisha ramani ya barafu. Tangu Julai 2012 kuna data za kila siku za AMSR2, kipimo cha mikrowevu kilicho kwenye setilaiti, zinazochakatwa na Chuo Kikuu cha Bremen kwa seli za kilomita 3.125, karibu sawa kabisa na eneo letu la ndani. Kwa miaka ya 2002 hadi Oktoba 2011 kuna AMSR-E, kipimo kilichoitangulia, kwa kilomita 6.25. Kati ya hizo mbili kuna pengo la miezi tisa hivi. Hapo rudi kwenye data za kilomita 25 zilizoanza 1978.

Utaratibu:

Soma faili la siku, geuza asilimia kuwa sehemu ya 1. Namba 85 iwe 0.85. Ukisahau, modeli inaweza kudhani kila penye barafu kidogo pamejaa barafu, na huenda usipate onyo.

Safisha ukanda wa pwani. Kipimo cha mikrowevu kina jicho pana: kikitazama ufuko, kinachanganya nchi kavu na maji na kusoma barafu isiyokuwepo. Mwezi Agosti utaona uzi wa barafu ya asilimia 20 hadi 40 ukikumbatia pwani yote huku maji yakiwa wazi. Kwa seli zilizo ndani ya kilomita 10 hivi kutoka ufukoni, weka thamani ya seli safi ya karibu iliyo baharini zaidi. Majira ya baridi fanya kinyume: barafu iliyoshikamana na nchi kavu iwe 1.0, bila tundu.

Jaza saa zilizo kati ya siku mbili kwa mstari ulionyooka, andika kila muda kama faili la muundo wa kati wa WPS lenye jina linaloanza na ICE na uga uitwao SEAICE, na uliweke la pili katika fg_name = 'ERA5','ICE' ili lifunike la ERA5. Katika METGRID.TBL, jedwali la namna ya kuhamishia data kwenye gridi, hakikisha SEAICE ina masked=land na fill_missing=0.

Patanisha joto la bahari na barafu mpya. Hatua hii husahaulika kuliko zote. Ulipoondoa barafu ya ERA5, joto la bahari la mahali pale linaweza kuwa halina thamani, na real.exe, programu inayoandaa hali ya kuanzia ya WRF, hujaza kwa joto la ngozi. Matokeo ni maji wazi yenye nyuzi 25 chini ya sifuri, kitu kisichokuwepo duniani, kwani maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Kanuni mbili zinatosha: popote penye barafu, maji ya chini yake ni kelvini 271.35, popote pasipo barafu, maji hayashuki chini ya hapo.

Kisha kwenye namelist.input, faili la mipangilio la WRF yenyewe:

fractional_seaice = 1
tice2tsk_if2cold = .true.
seaice_thickness_opt = 1 (kama una data za unene; la sivyo 0)
seaice_thickness_default = 1.5
sst_update = 1
auxinput4_inname = "wrflowinp_d<domain>"
auxinput4_interval = 180, 180
io_form_auxinput4 = 2

Bila fractional_seaice, seli yenye barafu ya nusu au zaidi huhesabiwa imejaa na iliyo chini ya nusu huhesabiwa haina kitu. Mipasuko yote inafutika. Katikati ya Januari mpasuko mwembamba wenye maji wazi unaweza kutoa mamia ya wati kwa kila mita ya mraba kwenda hewani. Ukiufuta, umefuta jiko. Thamani ya fractional_seaice iwe ile ile unapoendesha real.exe na wrf.exe (modeli yenyewe). Unene usiporekebishwa, WRF hutumia mita 3, ambao ni mwingi mno kwa barafu changa ya vuli.

Bila sst_update, barafu ya siku ya kwanza itabaki hapo hapo hadi mwisho.

Sasa mkwaruzo wa barafu, yaani kipimo cha jinsi uso ulivyo na mikwaruzo inayoukinza upepo, kinachotajwa kwa urefu. Majedwali huupa urefu wa milimita 1 kila mahali. Chukua upepo wa mita 12 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 100, hewa ikiwa haina mwelekeo wa kupanda wala kuzama, na ushushe hadi mita 10 kwa fomula ya logi. Kwenye barafu laini ya sehemu ya kumi ya milimita unapata mita 10.0 kwa sekunde. Kwenye milimita 1 unapata 9.6. Kwenye barafu iliyobanwa ikajaa matuta, yenye mkwaruzo wa sentimita 3, unapata 8.6. Tofauti ya mita 1.4 kwa sekunde imetoka kwenye uso peke yake, hakuna kingine kilichoguswa. Ukijua ulipo ukanda wa matuta, upandishie mkwaruzo. Usipojua, acha milimita 1 na uandike wazi kwenye maelezo ya faili kwamba umefanya hivyo.

Hatua ya 7: Fizikia

Mawingu: Morrison (mp_physics = 10). Mnururisho: RRTMG (4 na 4), ukiitwa kila dakika 9. Tabaka la chini la hewa: MYNN (bl_pbl_physics = 5, sf_sfclay_physics = 5). Ardhi: Noah-MP (4), au Noah iliyorekebishwa kama unatumia Polar WRF. Mawingu ya kupanda: yawashe kwenye kilomita 9, yazime kwenye kilomita 3.

MYNN inachaguliwa kwa sababu ya hewa tulivu. Vipimo vya SHEBA, mradi wa utafiti juu ya barafu, pale meli ya Kanada Des Groseilliers ilipoachwa igande ndani ya barafu ya Beaufort kuanzia Oktoba 1997 hadi Oktoba 1998, vilionyesha jinsi msuguano unavyofifia hewa baridi inapotulia juu ya barafu. Mbinu zinazochanganya hewa kwa nguvu hata katika utulivu huo hutoa upepo mkali wa uongo usiku wa baridi.

Hatua ya 8: Kuendesha

Weka time_step = 36, yaani mara 4 ya kilomita za seli, si mara 6 inayotajwa kwa kawaida. Eneo la ndani litapata sekunde 12. Ongeza w_damping = 1, damp_opt = 3, zdamp = 5000, dampcoef = 0.2, epssm = 0.5. Hizi ni kwa ajili ya milima. Modeli ikikatika, fungua mafaili ya rsl.error na utafute neno cfl, alama kwamba hatua ya muda ni ndefu mno kwa kasi ya hewa ndani ya seli. Seli zinazotajwa zikiwa juu ya Brooks, punguza time_step hadi 27 na ulainishe milima mara moja zaidi. Zikiwa ukingoni, mpaka wako umekaa vibaya. Rudi hatua ya 2. Ikikatika ndani ya dakika chache za mwanzo, bila neno cfl, mara nyingi tatizo ni joto la ajabu kwenye maji: tazama thamani ndogo kabisa ya SST (joto la bahari) na TSK (joto la ngozi).

Usiiendeshe mwaka mzima kwa mkupuo. Dhoruba zitaanza kupita mahali pasipo pake. Kila siku anza saa 12:00 UTC (adhuhuri) ya siku iliyotangulia, endesha saa 36, tupa saa 12 za kwanza ambazo modeli inajituliza, weka saa 24. Vipande hivi havitegemeani, kwa hiyo vingi vinaweza kwenda sambamba. Kwa gridi hii usizidishe michakato 120 kwa kipande kimoja; kila mmoja unatakiwa ubaki na seli 25 kwa 25 hivi, la sivyo muda mwingi unaishia kwenye mazungumzo kati ya vichakato.

Kuhusu diski: uga mmoja wa ngazi 60 kwenye eneo la ndani ni megabaiti 18, na faili kamili lina uga nyingi kama huo. Kupitia iofields_filename toa kila saa U10 na V10 (upepo wa mita 10), T2 (joto la mita 2), PSFC (mgandamizo wa usoni), SEAICE (barafu), ZNT (mkwaruzo), PBLH (kimo cha tabaka la chini la hewa) na UST (kasi ya msuguano) tu. Hizo ni megabaiti 2.4 kwa saa, gigabaiti 21 kwa mwaka mzima. Faili kamili litoke kila saa 6.

Hatua ya 9: Zungusha upepo

U10 na V10 za WRF zinafuata mistari ya gridi, si mashariki na kaskazini za kweli. Kwenye ikweta mtu anaweza kusahau hili asipate hasara. Hapa hapana. Katika makadirio ya polar, pembe kati ya gridi na kaskazini ya kweli ni sawa na umbali wa longitudo kutoka 150 magharibi: Kaktovik ni nyuzi 6.4, Utqiaġvik 6.8 upande wa pili, na kwenye pembe za kaskazini za eneo la nje inapita nyuzi 30. Tumia COSALPHA na SINALPHA (kosaini na saini ya pembe hiyo) zilizomo ndani ya faili:

u_kweli = U10 × COSALPHA − V10 × SINALPHA
v_kweli = V10 × COSALPHA + U10 × SINALPHA

Namna ya kutambua umesahau: kosa la mwelekeo lina alama moja Utqiaġvik na alama ya kinyume Kaktovik, na katikati, kwenye longitudo 150, ni sifuri.

Hatua ya 10: Pima dhidi ya vituo, kwa haki

Tumia viwanja vya ndege vya Utqiaġvik (PABR), Nuiqsut (PAQT), Deadhorse (PASC) na Kisiwa cha Barter (PABA), pamoja na kituo cha maji cha Prudhoe Bay (PRDA2). Noti 1 ni mita 0.5144 kwa sekunde.

Kabla ya kulaumu modeli, kagua kituo. Ripoti za viwanja vya ndege ni wastani wa dakika 2, kwa hiyo zinarukaruka. Modeli haitazifuata ruko kwa ruko. Upepo chini ya noti 3 huandikwa sifuri, na ukiuacha hivyo utaona modeli imezidisha upepo hafifu hata pale ilipokuwa sahihi. Katika kumbukumbu za zamani vikombe vya kupimia viliganda: sifuri saa 6 mfululizo au zaidi katika baridi kali, huku kituo jirani kikiwa na upepo, ifute. Kimo cha kipimo kikiwa mita 8, kukipandisha hadi 10 juu ya theluji yenye mkwaruzo wa milimita 1 ni kuzidisha kwa 1.025 tu, basi usitafute huko sababu ya kosa kubwa.

Baharini tumia ASCAT, rada ya kupima upepo ya setilaiti za Metop, seli za kilomita 12.5 au 25. Haifanyi kazi juu ya barafu wala karibu sana na ufuko. Sentinel-1, setilaiti nyingine ya rada, inaona hadi pwani kabisa kwa takriban kilomita 1, ila kwa nyakati chache. Maboya yaliyopandwa kwenye barafu mengi hupima mgandamizo na joto bila upepo. Bado yana faida, kwa sababu mgandamizo ukikosewa upepo hauwezi kupatia.

Mwelekeo upime tu pale upepo unapozidi mita 3 kwa sekunde, na ukokotoe tofauti kwa duara: kati ya nyuzi 350 na 10 ni 20, si 340. Halafu gawa matokeo. Wastani wa mwaka mzima huficha kila kitu. Gawa kwa barafu na maji wazi, kwa msimu, na kwa upande upepo unakotoka, kisha usome kosa kama ifuatavyo.

Kaktovik Januari modeli inatoa mashariki, kituo kinasema magharibi. Hewa baridi hulundikana dhidi ya Brooks, mgandamizo unapanda upande wa kusini, na katika nusu ya kaskazini ya dunia upepo huvuma ukiuacha mgandamizo mkubwa mkono wa kulia. Kwa hiyo unatoka magharibi. Utqiaġvik, iliyo zaidi ya kilomita 200 kutoka milimani, haiguswi sana na hili. Modeli ikiukosa upepo huo, milima yako imelainishwa mno au ngazi za chini ni chache. Usikose kuurekebisha: upepo wa magharibi ndio unaosukuma maji kuelekea pwani hii, kwa kuwa maji husogea kulia kwa upepo. Tarehe 3 Oktoba 1963 dhoruba ya upepo wa magharibi iliiingiza bahari ndani ya Barrow.

Julai kituo kinaonyesha upepo unaozunguka kwa mwelekeo wa saa mchana na jioni, modeli inatoa mstari ulionyooka. Huo ni upepo wa baharini, tundra ikiwa na joto na maji yakiwa karibu na sifuri. Kwenye latitudo 71 mzunguko wa dunia huupindisha haraka, duara moja kamili huchukua karibu saa 12.7. Ukikosekana, kagua theluji iliyobaki, kisha uzi wa barafu ya uongo ufukoni.

Upepo hafifu umezidi, upepo mkali umepungua, misimu yote. Hii ni tabia ya modeli nyingi. Usiitibu kwa kuzidisha kila kitu kwa namba moja. Tazama kwanza ZNT juu ya maji na juu ya nchi kavu: mara nyingi tundra iliyofunikwa na theluji bado ina mkwaruzo wa majani ya kiangazi.

Kukabidhi

Toa faili la NetCDF lenye upepo uliokwisha kuzungushwa, na ndani yake uandike: kimo cha mita 10, mashariki na kaskazini za kweli, muda wa UTC, barafu iliyotumika, unene uliowekwa, mkwaruzo wa barafu, na saa zilizotupwa. Weka SEAICE sambamba na upepo kwenye kila saa. Anayekokotoa mawimbi atafunika seli zenye barafu. Anayefuatilia barafu huanza kwa kanuni ya zamani kwamba barafu huru husogea kwa karibu asilimia 2 ya kasi ya upepo, ikipinda nyuzi 20 hadi 40 kulia, kama Nansen alivyoona meli ya Fram ikichukuliwa na barafu kati ya 1893 na 1896. Kwa upepo wa mita 10 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 17 kwa siku. Na mwelekeo ukikosewa kwa nyuzi 6.8 za Utqiaġvik ambazo mtu alisahau kuzungusha, baada ya siku moja barafu iko kilomita 2 kando ya pale ilipotabiriwa.